Malezi ya kambo yapewe nafasi Kigoma

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo katika gazeti lako. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaruhusu mtoto aliyekosa wazazi kulelewa na familia ya kambo, yaani familia nyingine inayompokea nyumbani kwake, chini ya uangalizi wa afisa ustawi wa jamii, lakini hapa Ujiji wengi tunadhani njia ni makao ya watoto tu. Jirani yangu alimpokea binti wa miaka sita kutoka makao. Wiki za mwanzo alikuwa akificha vipande vya muhogo chini ya mto, na leo ndiye anayelinda dagaa walioanikwa uani, akifukuza kuku. Wafadhili wanaojenga mabweni ya makao (kwa nia njema, sikatai) wafikirie pia nauli za maafisa ustawi wa jamii, kwani wasipozitembelea kaya zinazopokea watoto hawatajua kama mtoto analelewa au anatumikishwa.

Msomaji wako,
Ujiji, Kigoma