Kwa nini kupima tumbo la oparesheni si bei ya kinyama cha endoskopi

Wiki iliyopita kaka mmoja wa Tabata kagombana na dada yetu wa mapokezi hapa maabara, tunapopima nyama zinazotolewa mwilini, mpaka wateja wengine wakasimama. Mwezi wa nyuma alileta kinyama cha mzee wake kilichotolewa kwa endoskopi (ule mpira wenye kamera unaoshushwa tumboni kupitia mdomoni), akalipa vizuri tu. Sasa mzee kafanyiwa oparesheni, kaja na ndoo yenye zaidi ya nusu ya mfuko wa chakula, anatajiwa bei karibu mara nne. "Si kansa ile ile mliyoiona? Mnapima nini tena, huu wizi." Maneno haya tunaambiwa karibu kila wiki na yananiuma, maana kazi inayofanyika kule nyuma mteja haioni.

Kile cha endoskopi ni kama punje ya mchele, bloku moja (nyama iliyogandishwa kwenye nta ili ikatwe nyembamba iangaliwe kwa hadubini), na swali ni moja: kansa ipo au haipo. Kilichotoka tiyata kina maswali mengine kabisa. Kansa imezama mpaka tabaka gani la ukuta, pale daktari alipokata ni pasafi au imebaki, na tezi ngapi za limfu za karibu na tumbo zimeingiwa. Tezi ndo zinakula muda jamani, zimejificha kwenye mafuta, mtaalamu anayapapasa kwa vidole kidogo kidogo, nyingine ndogo kama dengu, na kwa tumbo inatakiwa zipimwe angalau 16 ndo hatua ya ugonjwa isemwe kwa uhakika. Tumbo la yule mzee limetoka bloku 27. Tezi 22, zenye kansa 3. Zile 3 ndo daktari wake anaziangalia akipanga dawa.

Sasa wengine wakishasikia bei wanasema "basi tukatieni kona moja mpime hiyo". Kuna familia waliimega wenyewe nyumbani, wakaleta kipande kama kiberiti. Tulipima, kipande kisafi, wakafurahi. Ila uvimbe ulikuwa kwenye nyama waliyoifukia.

Mfuko wa nyongo ndo unadharauliwa kuliko vyote, "ni mawe tu, tupeni". Kuna mama tulimsihi kaka yake apime, akagoma, baada ya miezi mama karudi macho manjano. Mfuko uliokaa na mawe miaka ukuta wake unakuwa mnene, na kansa changa inafanana nao, kwa macho huitambui. Ikiwa kwenye utando wa juu juu wa ndani tu, kuutoa mfuko mara nyingi kunatosha. Ikishagusa msuli, kwa kawaida mgonjwa anatakiwa arudi tiyata akatwe na sehemu ya ini inayopakana na mfuko pamoja na tezi za karibu. Mfuko ukishatupwa, hilo utalijuaje?

Halafu kongosho. Lina maji makali ya kusaga chakula, likishatoka mwilini linaanza kujisaga lenyewe, na joto letu hili la Dar ndo usiseme. Kijana mmoja alilileta limelala siku mbili kwenye friza, anajua kalitunza. Barafu imeshapasua seli, mama yake kakaa tiyata saa nyingi kwa oparesheni ya Whipple, ile ya kutoa kichwa cha kongosho, na sisi tukaishia kuandika ripoti nusu. Sikulala vizuri siku ile.

Kwa hiyo msitumie maji, chumvi wala friza. Ni fomalini, dawa ya kuhifadhia nyama isioze, ya asilimia 10, iwe kama mara 10 ya nyama, kwenye ndoo yenye mdomo mpana maana nyama ikishakaza kwenye chupa ya juisi haitoki. Njooni siku moja kabla ya oparesheni, ndoo na fomalini tunawapa bila kulipia, mkajaze jina, sehemu ilikotoka na saa iliyotolewa. Na mkiona uzi umefungwa kwenye nyama msiukate, daktari kauweka makusudi, ndo unatuonyesha upande gani ulikuwa umeshikana na mwili.