Mume wangu anasema namtesa mbwa wetu

Shikamoo Shangazi,

Usingizi umenikataa tena, na si kwa ajili ya ugonjwa wa mbwa peke yake. Ni lile neno la mume wangu: "Unamtesa ili uridhike wewe." Alilisema mbele ya dada zake.

Mimi namtesa? Ni nani aliyeona kwamba akishakula nyama anaduwaa, anazunguka chumba, kisha anagandamiza kichwa ukutani huku mate yakimchuruzika? Yeye alisema ni utoto. Alisema Yorkshire terrier ni wadogo kwa maumbile, ndiyo maana hakui. Mimi ndiye niliyeng'ang'ania apimwe damu. Walimpima asidi za nyongo akiwa hajala, wakarudia saa 2 baada ya chakula, zikawa juu mno, yaani ini halizichuji kwenye damu inavyotakiwa. Skani ya CT ikaonyesha chanzo: mshipa wa damu usiotakiwa kuwepo. Amezaliwa nao. Unaichukua damu inayotoka kwenye utumbo na kuipitisha kando ya ini, hivyo amonia, sumu itokanayo na protini ambayo ini lingeisafisha, inamfikia ubongoni. Angalau uko nje ya ini, daktari anasema huo ndio unaofikika kwa upasuaji.

Sasa anatumia laktulosi, dawa ya kupunguza hiyo amonia tumboni, na antibiotiki, na protini anapewa kwa kiasi. Shangazi, anacheza! Anabweka mlangoni kama mbwa wengine. Basi mume wangu anaona amepona, nikitaja upasuaji ananitazama kama muuaji. Lakini dawa haziufungi mshipa. Zinatuliza dalili tu, ini linabaki dogo kwa kukosa damu yake. Kwenye upasuaji mshipa huvishwa pete ndogo yenye kitu ndani kinachovimba polepole, ukafunga kwa wiki kadhaa, maana ukifungwa ghafla presha ya damu tumboni inaweza kumuua.

Nimeshaamua, atapasuliwa. Sihitaji ruhusa ya mtu. Ila daktari alisema wapo wanaoshikwa na degedege siku chache baada ya upasuaji, hata kama kazi imefanyika vizuri, na wengine hufa. Tangu hapo nikimwona anakimbia na mpira wake nalisikia lile neno. Ili niridhike mimi! Angelisema chumbani tukiwa wawili ningelimeza, lakini mbele ya mawifi zangu, ambao hata siku moja hawajamshika akitetemeka?

Usiniambie nisubiri mpaka azidiwe, kwa sababu wanataka kumpasua akiwa ametulizwa na dawa, kama alivyo sasa. Wala usiniambie nimsikilize mume, nimemsikiliza vya kutosha. Nataka kujua hivi: mbwa anayecheza leo, ni haki nimpeleke akalazwe mezani wakati anaweza asiamke? Na nimwambieje mume wangu ili siku hiyo awepo? Mbwa akishikwa na degedege yeye ndiye anayeweza kumtuliza, na mimi kule peke yangu sitaweza.