Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Shamba la Jamii

Ndugu wanachama, wajumbe wa kamati, na majirani mliokaribishwa kama wasikilizaji,

Daftari la mahudhurio lilipofungwa mara ya kwanza tulikuwa 19. Wanachama walioandikishwa ni 64 na akidi ni theluthi moja, kwa hiyo tumeketi saa nzima tukingoja wapatikane watatu. Mmoja wao, sitamtaja, alikuwa amepita kuchukua jembe lake tu. Namshukuru yeye kuliko wale walioniambia jana kwenye simu, "Mwenyekiti, tutakuwepo bila wasiwasi."

Shughuli za mwaka mnazijua, sitazirefusha. Tumelima misimu miwili. Matuta ni 48, na yote sasa yana upana wa mita 1.2, ili mkono ufike katikati kutoka kila upande bila mtu kukanyaga udongo. Siku za kazi za pamoja zilikuwa 24. Waliofika, kwa wastani, watu 9. Kitalu kimejengwa, ghala limeezekwa, toroli moja limeibwa na jingine halina tairi. Tumefunga matangi ya mvua chini ya paa la ghala. Paa lile ni mita za mraba 40, na milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1, hivyo mvua ya milimita 10 inatupa karibu lita 400, ukitoa kinachomwagika. Hesabu hiyo niliileta miaka mitatu iliyopita, mkacheka.

Mboji nitaisemea kidogo, kwa sababu wengi mnaichota na wachache mnaitengeneza. Lundo likiwa dogo kuliko mita 1 kila upande halishiki joto. Lisipofika nyuzi 55 likakaa hapo siku kadhaa, mbegu za magugu haziungui, na tunachogawana kwenye ndoo ni magugu ya msimu ujao. Tunataka maganda ya mboga, majani makavu, nyasi. Aliyetupa mifupa na mabaki yenye mafuta ndiye aliyetukaribishia panya. Lundo hilo nimeligeuza mwenyewe, mara nyingi peke yangu, na mgongo huu mnaujua.

Ada. Waliolipa yote ni 27, waliolipa nusu ni 14, ambao hawajalipa chochote ni 23. Mweka hazina atasoma mahesabu, mimi nasema hili tu: kati ya wale 23 wamo wanaolalamika kila wiki kwamba mpira wa kumwagilia unavuja. Unavuja kweli. Ni ule ule wa mwaka juzi.

Sasa nije kwenye jambo ambalo najua ndilo lililowaleta wengi wenu leo. Katikati ya msimu wa pili kamati ilitwaa matuta 11 yaliyokaa zaidi ya wiki sita bila jembe wala maji, ikawapa wakazi 11 waliokuwa kwenye orodha ya kungoja. Wakazi hao hawalipi ada ya fedha. Wanalipa kwa kazi, saa 30 kwa msimu, na kila saa inaandikwa kwenye daftari la zamu na kutiwa sahihi na msimamizi wa siku.

Imesemwa kwamba tulikurupuka. Katiba, kifungu cha matumizi ya matuta, inairuhusu kamati kutwaa tuta lililotelekezwa baada ya notisi mbili. Notisi zilitolewa. Na kusubiri mkutano mkuu kungetugharimu shamba zima, maana nyanya zilizoachwa kwenye matuta yale zilikuwa zimeshikwa na bakajani chelewa, ugonjwa unaosafiri na upepo na matone ya mvua bila kuuliza tuta ni la nani. Walionikaripia kwa kung'oa nyanya za watu wamesahau kwamba za kwao zilipona.

Imesemwa pia kwamba duniani kote aliyepewa kiwanja cha kulima ni chake, na mzee mmoja alinipa mfano wa Uingereza. Mfano ni mzuri, ila unanitetea mimi. Kule sheria ya mwaka 1908 ilizipa serikali za mitaa wajibu wa kuwatafutia wakazi viwanja vya kulima, na mpaka leo mpangaji asiyelima hupewa notisi akaondoka, kwa sababu wapo wengi wanaongoja nyuma yake.

Na limesemwa la shemeji yangu. Ndiyo, ni mmoja wa wale 11. Jina lake lilikuwa la nne kwenye orodha kabla sijachaguliwa, na lilipojadiliwa nilitoka nje. Katibu ameliandika hilo kwenye muhtasari. Tuta alilopata ni lile la kona, kando ya ukuta wa zamani unaobabuka rangi, ambalo hakuna mwanachama aliyelitaka. Rangi za zamani mara nyingi zina madini ya risasi, ndiyo maana pale tumeinua tuta kwa mbao, tukatandika udongo mpya, na tumemwambia apande nyanya, asipande karoti. Anayedhani huo ni upendeleo, tubadilishane naye leo hii.

Kosa moja nalikiri. Mwanachama mmoja alikuwa mgonjwa, na notisi zake zilikwenda kwenye namba ya simu asiyoitumia tena. Amepewa tuta jingine na mche wa kuanzia. Lakini naye angemtuma mtu atuarifu.

Nina swali kwa wanaosema wasiolipa fedha wanatunyonya. Siku ile bomba lilipopasuka saa kumi na moja alfajiri, nilipiga simu kwa wanachama wanane. Waliokuja walikuwa watatu, na wawili kati yao ni hao wa saa 30.

Kwa majirani mliopo: mlango uko wazi kila Jumamosi asubuhi. Huhitaji kuwa na tuta wala kujua kulima. Njoo ufanye kazi mara mbili au tatu, jina lako liingie kwenye orodha, tuta likipatikana utaitwa. Asiyeweza kuinama yapo matuta mawili yaliyoinuliwa kufikia kiuno, na kitalu kinataka mikono tulivu ya kuhamisha miche kuliko nguvu. Asiye na nafasi kabisa alete maganda ya jikoni.

Mwaka ujao, Mungu akijalia, tunatarajia kupata mpira mpya, pengine na mizinga ya nyuki, na tutazungumza na mwenye ardhi kuhusu kuongeza muda wa mkataba. Mazungumzo hayajaanza rasmi.

Wanaopinga uamuzi wa matuta watapewa dakika tano kila mmoja, kwa kufuata daftari la mahudhurio. Na ufunguo wa ghala haujaonekana tangu Jumamosi. Aliye nao amkabidhi katibu kabla hajatoka.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti