Barua ya wazi kwa Mkuu wa Mkoa wa Dodoma: Majina ya vijana wetu waliolala Kaboya

Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa,

Mbukwa. Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mzaliwa wa Bahi. Nakuandikia hadharani kwa kuwa najua ninachokiomba hakinihusu peke yangu. Zipo kaya nyingi mkoani kwetu ambazo zikisoma barua hii zitajua kabisa ninamzungumzia nani wao.

Kaka yangu aliuawa vitani mwaka 1979 akiwa na miaka 21. Amezikwa Kaboya, wilayani Muleba, mkoani Kagera, pamoja na wenzake waliokufa katika vita vya kumng'oa Nduli Idi Amin. Naomba jina lake na majina ya vijana wote wa Dodoma waliolala kule yaandikwe huku nyumbani, kwenye ukuta wa shule walizosoma au wa ofisi ya kata, mahali ambapo ndugu anaweza kupita akayasoma bila kuhangaikia nauli.

Nilikuwa darasa la tatu majeshi ya Amin yalipoingia Kagera, mwishoni mwa Oktoba 1978, yakafika hadi Kyaka na kulivunja daraja. Tarehe 2 Novemba Mwalimu Nyerere alihutubia taifa, na kijiji kizima tukakusanyika kwenye redio ya mwenyekiti. Wanaume waliondoka pale wakiyarudia maneno yale matatu: uwezo, sababu, nia. Mama hakurudia lolote. Alikuwa anamtazama mwanawe, na alishaona anavyosimama.

Kaka alikuwa mgambo. Walikuwa wakifanya mazoezi kwenye uwanja wa shule kwa bunduki za mti, sisi watoto tukiwahesabia hatua. Vita ilipoanza mgambo wengi waliingizwa jeshini, naye akachukuliwa kwa lori hadi Dodoma mjini. Siku chache baadaye zikaja habari kwamba treni ya askari itapita usiku kwenda Tabora na Mwanza, ambako wangevuka ziwa hadi Bukoba. Mama akafunga karanga za kukaanga kwenye kipande cha khanga, akanishika mkono, tukatembea hadi stesheni ya Bahi.

Treni ilisimama kwa muda mfupi sana, na ndani hapakuwa na taa. Mama akapita dirisha kwa dirisha akiliita jina la mwanawe kwa sauti ambayo sikuwahi kumsikia nayo. Kutoka gizani vijana wakawa wanamwitikia: "Naam, mama!" Behewa hili naam, behewa lile naam. Hakuna aliyekuwa kaka. Nadhani hawakutaka mama wa mtu aite halafu kuwe kimya. Treni iliposhtuka kuondoka, akamkabidhi karanga zile kijana aliyekuwa karibu, asiyemjua, akamwambia wale wote.

Barua ilikuja moja tu. Ninayo hadi leo. Ni karatasi iliyochanwa kwenye daftari la mistari, imekunjwa mara nne, na mkunjo umepita katikati kabisa ya jina lake pale chini alipomalizia. Aliandika kwamba wamevuka mpaka, kwamba kule migomba ni mingi kama mtama wa kwetu, na kwamba mbuzi wake mweusi asiuzwe. Mama hakujua kusoma. Mimi ndiye niliyemsomea, jioni baada ya jioni, hadi nikachoka, nikaanza kuruka mistari. Alinigundua mara moja, maana alishaishika yote kichwani.

Mwaka huo huo akaanza kuhudhuria kisomo cha watu wazima, chini ya mbuyu, pamoja na wanawake wenzake. Alisema anataka barua ya pili aisome mwenyewe.

Barua ya pili haikuja. Alikuja balozi wa nyumba kumi akiwa na viongozi wawili wa kata. Mwenzake kaka aliyerudi salama alitueleza baadaye kwamba walipigana pamoja Lukaya, ndani ya Uganda, mwezi Machi, barabara moja tu na kinamasi huku na huku, na kwamba kaka alitoka pale mzima. Aliuawa baadaye, kabla ya Kampala kutekwa tarehe 11 Aprili. Tukakaa msiba usio na maiti wala kaburi. Wazee walibishana namna ya kuufanya, wakaufanya walivyoweza.

Mama hakuacha kisomo. Neno la kwanza aliloandika ni jina lake, la pili ni la kaka. Na karatasi ile ilipochakaa, herufi za katikati zikamezwa na mkunjo, alichukua penseli akazirudishia mwenyewe. Herufi zake zimelala upande, kubwa kuliko za kaka. Ukiishika barua hiyo, Mheshimiwa, unaona mikono miwili katika jina moja.

Alifariki mwaka 2011 bila kuliona jina hilo limeandikwa mahali pengine popote. Kaboya ni mbali. Unapita Singida, Nzega, Kahama, Biharamulo, na magoti yake hayakuwa ya safari hiyo. Mwaka 2013 kumbukumbu ya kitaifa ya Siku ya Mashujaa ilifanyika kule kule Kaboya, na mimi nikaisikiliza redioni peke yangu. Mwaka uliofuata nikafunga safari. Makaburi yamepangwa kwa safu kama gwaride, na panatunzwa vizuri, lazima niseme. Askari kijana aliyenisindikiza alisimama wima muda wote nilipokuwa nimepiga magoti. Namshukuru.

Niliporudi nilikwenda kuuliza katika ofisi moja kama majina haya yanaweza kuletwa vijijini. Nikajibiwa kwamba mashujaa ni wa taifa zima, hawana kijiji. Jibu hilo sijalikubali hadi leo. Siku kaka alipoandikishwa aliulizwa kijiji, kata na tarafa, na akajibu. Taifa lilimchukua nyumba fulani, kwa mama fulani.

Vijana wetu waliouawa Kongo Desemba 2017, miili 14 ililetwa nyumbani, na jamaa zao wana mahali pa kuweka ua. Ni haki yao, na nililia nao. Wa mwaka 1979 tunaomba majina tu.

Tena siku hizi taifa linakuja kwetu. Mwaka 2023 na 2024 Rais aliweka mkuki na ngao kwenye mnara hapa hapa Dodoma, Mtumba. Kwa hiyo siombi sherehe nyingine. Naomba ofisi yako iliandikie jeshi barua, ipatiwe orodha ya waliotoka mkoa huu, iipeleke kwa watendaji wa kata, na kila tarehe 25 Julai majina yasomwe kwa sauti mbele ya wanafunzi. Ifanyike mapema. Wazazi wao karibu wote wamekwisha kuondoka, na sasa tunaondoka ndugu.

Jina la kaka sijaliandika humu kwa makusudi. Nataka lianzie ukutani. Shule aliyosoma ina ukuta wa darasa la kwanza unaotazama barabara, mweupe, hauna maandishi. Nimeshaongea na mwalimu mkuu, hana pingamizi. Rangi nitanunua mimi, na ngazi ipo.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Dada yake,
Bahi, Dodoma