Risala ya Watumishi wa Kituo cha Afya Waliotembea kutoka Dodoma hadi Kongwa kwa Ajili ya Wagonjwa wa Vikope

Mheshimiwa mgeni rasmi, viongozi wetu wa serikali na wa dini, wazee wetu, watumishi wenzetu, mabibi na mabwana: Mbukwenyi!

Sisi ni watumishi 23 wa kituo cha afya: waganga, wauguzi, watu wa maabara na masjala, mlinzi wetu mmoja na dereva wa gari la wagonjwa. Tunakushukuru kwa kuja kupokea taarifa ya matembezi yetu ya hisani kutoka hapa jijini hadi Kongwa, zaidi ya kilomita 80, kwa siku tatu.

Mheshimiwa mgeni rasmi, wapo waliotuuliza kwa nini tusichange fedha tu, tukapumzisha miguu. Jibu letu ni vikope, yaani trakoma. Mkoa wetu unaujua ugonjwa huu kwa muda mrefu, na kule Kongwa watafiti wameufuatilia tangu miaka ya 1980. Huenezwa na mikono, vitambaa na nzi. Huanzia kwa watoto, kisha mama na bibi wanaowalea huambukizwa tena na tena. Miaka ikipita, makovu hukunja ukope kuelekea ndani, na kope hukwangua kioo cha jicho kila mtu anapopepesa. Wengi wetu tumekua tukimwona bibi ameketi mlangoni penye mwanga, kibano mkononi, aking'oa kope mojamoja. Tulidhani ni uzee.

Upasuaji wa kurekebisha ukope ni mfupi, hufanywa kwa ganzi ya sehemu ile tu, na kwenye kambi za macho mara nyingi hutolewa bure. Hata hivyo wagonjwa hawaji. Nauli hakuna, wa kumsindikiza yuko shambani, wajukuu wataachwa na nani. Nasi tuliokaa mezani tuliandika "hakufika" kwenye daftari, tukalifunga. Neno hilo ndilo lililotutoa ofisini. Tulitaka kuijua njia ya mgonjwa kwa miguu yetu wenyewe.

Tuliondoka saa 11 alfajiri, mwezi Julai, na upepo wa Dodoma wa mwezi huo mnaujua. Ihumwa tulipita tukiimba. Kabla ya kufika Chamwino nyimbo zilikuwa zimekwisha, kila mtu anasikiliza miguu yake. Malori yalipita karibu, upepo wake ukitusukuma pembeni. Dada yetu wa masjala alitoka malengelenge miguu yote miwili, akafunga kitambaa, akakataa kupanda gari. Dereva wetu, aliyeipita barabara ile miaka mingi, alisema hakuwahi kujua kuwa ina miinuko.

Tulikumbushana kwamba wapagazi wa zamani walivuka Ugogo hii na pembe za ndovu mabegani, na kwamba mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alitembea kutoka Butiama hadi Mwanza kuunga mkono Azimio la Arusha. Kumbukumbu hizo zilitusogeza. Lakini jirani na Mbande, kabla hatujaiacha barabara kuu, tulimkuta bibi mmoja kando ya njia, mjukuu wake wa miaka kama saba akimshika mkono. Alikuwa ametusubiri tangu asubuhi. Akauliza, "Ninyi ndio watu wa macho?" Hatukuwa na daktari wa macho wala kifaa chochote. Mjukuu yule siku ile hakwenda shule. Tuliandika jina la bibi na kitongoji chake, tukaendelea na safari, na kwa kitambo kirefu hapakuwa na aliyezungumza.

Fedha zilizochangwa, zikiwemo za vijana wa bodaboda na akina mama wa sokoni, tumeziweka kwa kazi moja tu: nauli ya mgonjwa na msindikizaji wake, na chakula chao siku ya upasuaji. Bibi yule alikuwa wa kwanza.

Mheshimiwa mgeni rasmi, tunayo maombi mawili. La kwanza, utusemee tupate gari siku za kambi za macho, likawachukue wagonjwa vijijini, kwa maana michango yetu haitafika mbali. La pili, kila shule ya msingi katika vijiji tulivyopita iwe na vibuyu chirizi, yaani vyombo vya maji ya kunawa yanayochirizika kidogokidogo, na mtu wa kuvijaza. Maji ni shida huko, tunajua. Tumeyanunua kwa ndoo njiani. Lakini kikombe kimoja kinatosha kuosha uso wa mtoto, na uso msafi hauwaiti nzi.

Bibi yetu ameketi mstari wa pili, kushoto kwako. Jicho la kulia tulilichelewa. La kushoto limepona, halimchomi tena, na leo amekuja kwa basi peke yake, mjukuu yuko darasani. Ameomba akusalimu kwa mkono kabla hujasimama kuzungumza.