Watafiti wakishaondoka, majibu yetu huenda wapi?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme jambo ambalo limenikaa moyoni miaka mingi. Mimi ni mhudumu wa afya ya jamii katika kijiji kimoja mkoani Mbeya. Kazi yangu ni kupita kaya kwa kaya: kupima watoto kwa utepe wa mkono, kuwakumbusha wajawazito tarehe za kliniki, kuwafuatilia walioanza dawa za kifua kikuu wasikatishe. Kwa kuwa nazijua nyumba zote, watafiti wa vyuo vikuu wakifika kijijini mtendaji huniita mimi niwe mwenyeji wao. Nimewatembeza waliokuja kuuliza habari za malaria, vyoo na lishe. Nimewatembeza pia waliokuja kuuliza ukatili wa majumbani, na hao ndio wanaonifanya nishike kalamu leo.

Siku moja nilimfikisha binti wa chuo kwa mama mmoja aliyekuwa amekaa barazani anamenya ndizi. Baada ya salamu na maelezo ya ridhaa, mimi nilisogea nikakaa mbali, karibu na njia, maana utaratibu wao ni kwamba asisikie mtu mwingine yeyote, hata mwenyeji. Niliwaona tu. Mama alikuwa anasema huku macho yako kwenye kisu. Mara mama mkwe akatokea na mzigo wa kuni kichwani. Binti wa watu hakushtuka, hakufunika kishikwambi chake. Akauliza kwa sauti ya kawaida, nami nikasikia kule nilikokaa: "Na huyu wa mwisho ulimnyonyesha miezi mingapi?" Mama akajibu, mikono bado inamenya. Mkwe alipoingia jikoni, wakarudi walikokuwa.

Yule mama aliongea karibu saa nzima. Akapewa mche wa sabuni kama shukrani. Alipokuwa akitusindikiza hadi kwenye migomba, alinishika mkono akaniambia, "Dada, leo nimesema."

Ilipita kama miaka miwili. Tuko kliniki, foleni ya mizani, yeye amebeba mjukuu. Akanivuta pembeni: "Hivi yule binti wa kishikwambi walisemaje?" Sikuwa na la kumjibu. Nilikwenda kwa mtendaji, naye hakuwa na karatasi yoyote. Nilipiga namba iliyokuwa kwenye ile karatasi ya ridhaa, haikupatikana. Chuo sikitaji, kwa sababu si kimoja. Katika miaka yangu yote ya kuwa mwenyeji, wa kurudi kutuambia walichokikuta sijamwona.

Sisemi utafiti huu hauna maana. Nasema kinyume chake. Ile hila ya kuuliza habari za kunyonyesha mkwe akitokea si ya yule binti peke yake. Nilikuja kujifunza kwamba Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2001 kuhusu namna ya kuwauliza wanawake habari za ukatili bila kuwaongezea hatari: ahojiwe mwanamke mmoja tu katika kaya, awe faragha, utafiti uitwe wa afya ya wanawake na maisha yao ili jirani asijue kinachoulizwa, na mdodosaji awe na maswali mepesi ya kurukia mtu akiingia. Waliofikiria hivyo ni watu wenye huruma na akili, na nawaheshimu.

Mkoa wetu wenyewe uko ndani ya historia hiyo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wataalamu wa Muhimbili walifanya sehemu ya Tanzania katika utafiti mkubwa wa shirika hilo uliohusisha nchi kumi, wakachagua Dar es Salaam na Mbeya. Ripoti ilitoka mwaka 2005. Kati ya wanawake waliowahi kuwa na mume au mwenzi, asilimia 41 Dar es Salaam walikuwa wamewahi kupigwa au kulazimishwa tendo la ndoa na mwenzi wao. Mbeya ilikuwa asilimia 56.

Mimi, mkazi wa Mbeya, nilizisikia namba hizo kwenye semina ya MTAKUWWA, ule mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto ulioanza mwaka wa fedha 2017/18. Miaka kumi na miwili baada ya ripoti. Jioni ile nilitembea kurudi nyumbani nikizihesabu nyumba za mlimani kwetu, kila nyumba ya pili, na nikawa naona sura. Kila mmoja wa wanawake wale alikuwa anaamini ni lake peke yake. Mmoja huniambia ni nyota yake, mwingine kwamba hajui kupika, mwingine kwamba alikosea kuolewa mbali na kwao. Laiti kuna mtu angesimama mbele yao mwaka 2005, akawaambia kwa Kiswahili cha kawaida kwamba zaidi ya nusu yenu mmepitia haya, sidhani kama wangeendelea kuona aibu ile ile.

Najua nitajibiwa kwamba kurudisha matokeo ya jambo kama hili ni hatari. Ni kweli, na nimeliogopa mwenyewe. Ukisimama kwenye kitongoji cha nyumba thelathini ukasoma kwamba wanawake kadhaa wamesema wanapigwa, usiku huo kuna mume atauliza, "Ni wewe uliyesema?" Kwa hiyo namba za kitongoji zisisomwe kamwe. Zisomwe za wilaya au mkoa, zikiwa zimechanganywa na vijiji vingine, na baada ya muda kupita. Waanze kuambiwa akina mama siku ya kliniki na kwenye vikundi vya kuweka na kukopa, kabla ya mkutano wa kijiji. Kama utafiti uliingia kwa jina la afya ya wanawake, urudi kwa jina hilo hilo. Watu walioweza kubuni swali la kunyonyesha hawawezi kushindwa kubuni njia ya kurudi.

Na kuna mahali wameweza. Kampala, Uganda, mashirika ya Raising Voices na CEDOVIP, pamoja na watafiti wa Makerere na wa chuo cha afya na magonjwa ya kitropiki cha London, walifanya kazi ya kuzuia ukatili dhidi ya wanawake waliyoiita SASA!, neno letu kabisa, kati ya mwaka 2007 na 2012. Waliogawa ujumbe hawakuwa wageni. Walikuwa wakazi wa mitaa ile ile, wanaume kwa wanawake, wakizungumza na majirani zao sokoni, vijiweni na majumbani, miezi na miaka. Matokeo yalipotangazwa mwaka 2014, kipigo cha wenzi ndani ya mwaka mmoja kilikuwa chini kwa asilimia 52 katika mitaa hiyo ukilinganisha na ile ambayo mpango ulikuwa haujafika. Luwero, Uganda hiyo hiyo, shule za msingi 42 zilihusika katika utafiti wa mpango mwingine, wa kupunguza vipigo shuleni; nusu zilianza, nusu zikasubiri. Katika shule zilizopewa mpango, wanafunzi waliosema wamepigwa na mwalimu au mtumishi wa shule ndani ya wiki iliyopita walikuwa 31 katika kila mia. Katika shule zilizokuwa zinasubiri walikuwa 49. Utafiti ulipokwisha, zilizosubiri nazo zikapewa. Hata hapa nyumbani, Mwanza, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa, NIMR, na hao wa London walikaa na vikundi vya akina mama wanaokopeshana, vikao kumi vya mazungumzo, na vipigo vikapungua.

Kinachonigusa katika hizo zote ni kwamba utafiti ulikuwa umefungwa pamoja na kazi iliyobaki pale pale. Dodoso halikuja peke yake na kuondoka peke yake.

Kwetu linakuja peke yake. Nitoe mfano wa kinachofuata. Mwanamke amesema, amelia, mtafiti amemwelekeza atafute msaada. Upi? Dawati la jinsia la polisi liko makao makuu ya wilaya. PF3, ile fomu ya mtu aliyejeruhiwa, inapatikana polisi. Afisa ustawi wa jamii aliye karibu anakaa huko huko. Nauli ya kwenda na kurudi ni fedha ambayo lazima aombe kwa yule yule aliyempiga. Nimewahi kumpa mama mmoja nauli kutoka kwenye fedha yangu ya vocha, na alirudi jioni kwa sababu aliyetakiwa kumwona alikuwa safarini. Mtafiti anayeandika bajeti yake akiwa chuoni angeweza kuweka fungu dogo la nauli kwa wale watakaohitaji kupelekwa. Si sadaka hiyo. Yeye ndiye aliyekifungua kidonda.

Tunao pia watoto. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009, ambao Muhimbili ilishirikiana na UNICEF na kituo cha udhibiti wa magonjwa cha Marekani, CDC, ulitangazwa hadharani mwaka 2011 na Serikali haikuzificha namba zake: karibu wasichana watatu katika kumi, na mvulana mmoja katika saba, walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Ule ulitikisa. Ulisikika redioni, ukaleta mipango na kamati. Nautaja kwa sababu unaonyesha kwamba namba zikisemwa kwa sauti, nchi husikia.

Sasa ombi langu, na ninalielekeza kwa vyuo vikuu na kwa kamati zinazotoa vibali vya maadili. Masharti ya kibali cha utafiti wa afya yanataka ripoti zifike NIMR, wizarani, kwa mganga mkuu wa mkoa na kwa mganga mkuu wa wilaya. Ngazi zinaishia hapo. Ongezeni kijiji. Mtafiti apeleke kurasa mbili tu za Kiswahili, maandishi makubwa, kwenye zahanati na kwa kamati ya ulinzi wa wanawake na watoto ya kijiji, ambayo MTAKUWWA iliianzisha na ambayo mara nyingi hukaa bila kitu cha kuzungumzia. Andiko lisilo na tarehe ya kurudi na fungu la kurudia lisipitishwe. Kama kamati inaweza kumrudisha mwanafunzi kwa sababu karatasi ya ridhaa haina mahali pa dole gumba, basi kwa hili pia imrudishe.

Na wasimamizi wa wanafunzi, nawaombeni. Tasnifu za mashemeji na wadogo zetu nyie ndio mnazipitisha. Najua zimeandikwa kwa Kiingereza kwa sababu ndivyo vyuo vinavyotaka. Lakini yule mama wa ndizi aliongea Kiswahili, na pale alipozidiwa aliongea Kinyakyusa, na binti akamwelewa vizuri tu. Mnaweza kumtuma tena, siku moja, akiwa tayari amepata shahada yake, akae barazani pale pale.

Msimu wa kiangazi umekaribia, watakuja wengine. Nitawapokea, nitawatembeza kama kawaida, maana naamini kazi yao. Ila safari hii, kabla hatujabisha hodi nyumba ya kwanza, nitamwuliza kila mmoja tarehe atakayorudi, na nitaiandika kwenye daftari langu la kaya, ukurasa ule ule ninaoandika tarehe za kliniki.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mhudumu wa afya ya jamii,
Mbeya