Kibali cha kaunti hakimalizi suala la paa

Mhariri,

Wanaojenga kwenye mitaa ya Nairobi kama Karen, Runda, Kitisuru na hata kwenye mitaa mipya ya geti moja hukwama pahali pamoja: kibali cha kaunti wanacho, kuta zimefika linta (boriti ya zege juu ya milango na madirisha), kisha kamati ya mtaa inasimamisha kazi kwa sababu ya paa. Mara nyingi kamati haijakosea. Kibali hakifuti masharti ya hatimiliki wala mkataba uliotiwa sahihi ploti iliponunuliwa. Vyote vinamfunga mwenye nyumba, na sharti lililo kali zaidi ndilo la kuchorea ramani.

Kifungu kinacholeta ugomvi mwingi ni hiki: "paa la mwinamo lenye vigae." Siku hizi wengi wanataka paa la kufichwa, yaani mabati yenye mwinamo wa nyuzi 5 hadi 10 nyuma ya ukuta unaopanda kama mita moja juu ya dari. Mwenye nyumba husema mwinamo upo. Kamati, ikitazama kutoka barabarani, inaona sanduku. Nani ana haki? Tazama kwanza sehemu ya maana ya maneno. Kama sharti linataja sura ya nyumba au paa "linaloonekana", la kufichwa halipiti. Kama limetaja nyuzi tu, basi kuna hoja ya kujadili.

Nyuzi nazo husomwa vibaya. Nyumba yenye upana wa mita 10 ina mita 5 za ulalo kutoka ukutani hadi chini ya mgongo wa paa, yaani kilele chake. Kwa nyuzi 30, mgongo unapanda mita 2.89. Fundi akichukulia 30 kuwa asilimia, unapanda mita 1.5 tu, sawa na nyuzi 16.7. Vigae vingi vya saruji havikukusudiwa ulalo huo bila kinga ya ziada chini yake. Mvua ya masika ikija na upepo, maji husukumwa juu kupitia maungio na kushukia dari. Kurekebisha ni kung'oa mbao zote na kupaua upya.

Neno "vigae" nalo lina mtego. Je, mabati yaliyopakwa changarawe na kukunjwa mfano wa vigae yanakubalika? Uliza mapema, maana uzito hauko karibu hata kidogo. Mabati hayo ni kama kilo 7 kwa mita mraba, vigae vya saruji ni kama 45. Kwa paa la mita mraba 200, hiyo ni tani 1.4 dhidi ya tani 9. Mbao zilizopimiwa mabati haziwezi kubebeshwa vigae kwa sababu tu kamati imeandika barua.

Urefu pia. Sharti linapima hadi upenu, yaani ukingo wa paa unaotokeza nje ya ukuta, au hadi mgongo? Kuanzia ardhi ya asili au iliyokwisha kuchongwa? Kwenye miteremko ya Kitisuru, ploti ikishuka mita 1 kwa kila 10, nyumba ya mita 15 ina tofauti ya mita 1.5 kati ya upande wa juu na wa chini. Halafu upenu wa milimita 600: umbali kutoka mpakani unahesabiwa kwenye ukuta au kwenye ncha ya upenu?

Maswali haya yapelekwe kwa maandishi kabla ya msingi kuchimbwa, yakiambatana na mchoro wa mkato, yaani unaoonyesha nyumba kana kwamba imekatwa wima, wenye nyuzi, kimo cha mgongo, upana wa upenu na aina ya vigae. Jibu la mdomo kutoka kwa mwenyekiti halitoshi, kwani kamati hubadilika.

Kamati nazo tunaziomba ziweke mchoro mmoja wa mkato, wenye vipimo, kando ya kila sharti la paa, na ziseme wazi kama paa la kufichwa linakubalika au la.

Wachora ramani za nyumba,
Nairobi